Fundi wa Garaji Tharcisse

— Haitawaka.

— Itawaka!

— Miaka mbili unasema itawaka. Kesho watu wa vyuma watakuja kuikata, nipate mahali pa kuanika muhogo.

— Mama, hii motokari ni ya Baba!

— Baba yako hayuko.

Daddy akarudisha kichwa ndani ya moteri. Kubishana na Mama Albertine ni kupiga kasia bila mutumbwi.

Toyota yenyewe ilikuwa imeoza nyuma ya nyumba yao, huku mutaa wa Kasuku. Kompyuta yake, ile yenye kuamuru buji zitoe moto saa gani, iliungua zamani. Nyingine haipatikani, muji nzima wa Kindu. Basi Daddy, mwenye aliacha masomo mwaka wa pili wa sekondari, akasema ataitengeneza mwenyewe. Alitia karte ndogo ya kompyuta iliyokuja na ndege toka Goma, akaongeza vipande vya redio zilizokufa, yote ndani ya boksi ya sabuni. Mafundisho aliyapata kwa telefone. Vijana wenzake walimwita Injinieri Bure. Kisha wakachoka hata kumucheka, wakaacha kupita.

Nyumbani walikuwa wawili tu. Baba alikuwa foto moja kwa ukuta: mwanaume murefu, shati nyeupe pepepe, amesimama chini ya kibao GARAJI THARCISSE. Wazee wa mutaa walikuwa bado wanamusifu: unamuachia Tharcisse ufunguo asubuhi, jioni motokari yako inaimba. Fundi kabisa, Daddy alikuwa anawaza, hata mafuta haikumugusa. Vita ya tisini na nane, askari walikuja kumuchukua awatengenezee makamio yao ya kubebea mizigo. Daddy alikuwa angali mutoto wa mugongoni. Baba hakurudi.

Hii moteri ikiwaka, angalau baba na mutoto watakuwa wamefanya kazi moja pamoja. Ikikatwa kesho, basi.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kila Daddy akizungusha moteri, mutwangio unasimama. Ikizimika, unaendelea. Makelele inamuchukiza, Daddy alifikiri.

Saa kenda akafunga waya wa mwisho. Akazungusha. Moteri ikakohoa, ikapiga teke, ikawaka!

Lakini ndani ilikuwa inagonga, ko-ko-ko, kama muntu anapiga nyundo kwa sufuria. Joto ikapanda mbio. Daddy akashika telefone, kwenye namba za ile boksi yake zinaonekana. Akaziangalia. Zikamuangalia. Dakika moja tena na pistoni itapasuka, na watu wa vyuma hawatakuwa hata na kazi ya kubishana.

— Moto unatangulia, sauti ikasema nyuma yake. Pistoni haijafika juu, weye umeshaipiga. Rudisha digri sita.

Vidole vikaandika sita, akili haijauliza kitu. Kule kugonga kukaisha. Moteri ikatulia, ikashika wimbo wake, laini.

Daddy akageuka. Mama alikuwa amesimama karibu na tairi, amefunga macho, sikio limeelekea moteri, kama muntu anasikia muntu wa zamani anamuita kwa jina.

— Mama... Ni Baba njo alikufundisha?

Akafungua macho.

— Askari waliuliza: hapa fundi njo nani? Baba yako akaniangalia, akakuangalia weye mugongoni mwangu, akawaambia fundi ni yeye mwenyewe. Hata buji alikuwa hajui kufungua.

Mama akamupa Daddy mugongo, akaenda.