Nailoni ya Maua ya Njano

Boksi la umeme lilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Mwanaidi alimnyanyua mwanawe kutoka kitandani, chini ya boksi hilohilo. Fundi wa umeme aliyemwita akazima umeme, akafungua kifuniko.

“Nani kaunga nyaya hizi, dada?”

“Baba yake huyu. Zilikuwa fupi.”

“Kuunga humu si kosa. Ila kufungia nailoni badala ya tepu ya umeme, jamani?”

Kipande cha chupi ya nailoni ya mtoto, chenye maua ya njano, kilikuwa kimeyeyukia kwenye kiungo.

Mumewe akaingia akicheka. “Fundi, usinitishie mke. Taa zinawaka tangu Ramadhani! Hebu washa.” Akanyoosha mkono kwenye swichi kuu.

Mwanaidi akawahi kuifunika kwa kiganja. Mtoto naye akaweka kiganja chake juu ya cha mama.