Mfungwa Chini ya Seng'enge

Silvère alikuwa akiitafsiri filamu kwa kipaza sauti, kama kila Jumamosi mchana katika banda la video la Nyamirambo, askari mwenye bunduki alipoingia akakaa benchi la nyuma.

Ilikuwa filamu ya zamani ya vita. Mfungwa alikuwa anatambaa chini ya seng'enge, shati limenasa. Siku nyingine banda zima lingepiga kelele: "Vuta, stelingi! Vuta!" Leo watu waliinamisha vichwa.

Mfungwa akajinasua. Akageuka kuitazama kambi, akasema maneno machache.

"We mfasiri, mbona kimya?" askari akauliza. "Anasema nini?"

Mfungwa alikuwa amesema tu kwamba kuna baridi.

Silvère alivuta mkono wa shati ufunike kovu la kamba juu ya kiwiko. Askari waliomfunga Oktoba walimwachia Aprili, lakini majirani aliokamatwa nao hawajaonekana mpaka leo. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Anasema wenzake hawana kosa," alisema, "na bado wamo ndani."

Mbele, mtu mmoja akapiga makofi. Nyuma, benchi likalia, askari akisimama.