Pampu ya Breki ya Nyuma

"Baba, usiifungue. Tuitupe, tununue nyingine," Silke alisema, mkono wake ukiwa umeifunika pampu.

Staf aliuondoa mkono wa binti yake taratibu, akaibana pampu kwenye jiliwa la meza yake ya kazi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku sita baada ya mashindano. Jikoni, nyuma ya ukuta, watu watatu wa chama cha pikipiki za mchanga walikuwa wakinywa kahawa na kula keki ya cheri, wakimsubiri.

"Niliiunda upya mwenyewe, mezani hapa hapa, mipira mipya na springi mpya," alisema. "Acha nione nilikosea wapi."

"Utajiaibisha bure."

"Nimeshaaibika, mwanangu. Nenda ukakae na wageni."

Silke hakwenda kwa wageni. Alitoka akasimama uani, kando ya pikipiki yake iliyopinda gurudumu la mbele.

Kwa miaka thelathini na minane Staf alikuwa fundi ambaye mji mzima wa Lommel ulimwamini, na tuseme kweli, alilijua hilo kupita kiasi. Alipenda kucheka makosa ya wenzake. Ni yeye aliyempa Fons, mwenyekiti wa chama, jina la Kinyumenyume, siku alipogundua kwamba Fons ametia mpira wa pampu ukiangalia nyuma. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mpira wa nje ukigeuzwa, breki hushika mizunguko miwili mitatu, kisha mafuta huvuja, pampu huvuta hewa, na pedali huzama kama mguu topeni. Miaka ishirini ilikuwa imepita na Fons alikuwa bado Kinyumenyume, hata kwa wajukuu zake.

Sasa zamu ilikuwa ya Staf. Jumapili, mzee Lowie alisimama kwenye kona akipunga bendera ya njano, maana mbele yake mwendeshaji alikuwa ameanguka. Wote walipunguza mwendo. Silke alikuja mbio vilevile, akamgonga Lowie, akamvunja bega na mbavu mbili.

"Nilikanyaga breki, pedali ikazama," Silke aliwaambia watu palepale. Macho yote yakamgeukia baba yake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hivyo ndivyo walivyomsema, na Staf hakubisha. Jumanne alikwenda hospitali, kofia mkononi, akamwomba Lowie radhi mbele ya mkewe na watoto wake. Silke alisimama kando, akitazama sakafu.

"Hata wewe, Staf?" Lowie aliuliza. "Angekuwa mwingine ningeelewa."

Maneno hayo hayakumtoka kichwani tangu siku hiyo. Alikuwa akipita njia ya shambani ili asikutane na watu wa dukani.

Na leo chama kilikuwa kimekuja kuamua. Pampu ikionekana mbovu, lawama ni ya fundi na mambo yaishe. Ikionekana nzima, basi Silke aliidharau bendera, na hatapanda tena pikipiki ya mashindano maisha yake yote. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu akiwa na sita hakuwahi kutaka kitu kingine.

Fons alichungulia mlangoni, kikombe mkononi. "Tukae tukutazame?"

"Nipe dakika kumi. Mtu akivua nguo hapendi watazamaji."

"Haya, bwana. Ila kama ni ule mpira, ujue jina lina mwenyewe. Wewe itabidi tukutafutie lako."

"Tutagawana," Staf alisema, na Fons akarudi jikoni akicheka.

Staf alivuta kifuniko cha mpira mwishoni mwa pampu. Ndani kulikuwa kukavu. Akatoa klipu kwa koleo, pistoni ikateleza nje pamoja na springi yake. Akaifuta kwa kitambaa safi, akavaa miwani, akaisogeza dirishani.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaketi juu ya ndoo, uso ukimwaka. Aibu ya hospitali alikuwa ameibeba, maana ilikuwa aibu ya mikono yake tu. Hii ya sasa ilikuwa nzito kuliko hiyo. Alipoinua macho aliona Silke anamtazama kupitia kioo, na ni binti aliyeanza kutazama chini.

Akainuka, akafanya kazi kidogo mezani, polepole na kwa uangalifu wake wa siku zote. Alipomaliza alinawa mikono, akafungua mlango wa jikoni.

"Ingieni mwone."

Fons aliishika pistoni kwenye mwanga, akaizungusha mara mbili. Kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Staf," alisema kwa sauti ya chini. "Mpira wa nje umeangalia nyuma. Na kifuniko chote kimelowa mafuta."

"Naona."

"Hili ni kosa la mtu kama mimi, bwana. Si la mtu kama wewe."

"Nimeutia mwenyewe, kwa mikono hii. Andikeni hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wageni akatoa karatasi, akaandika, na wote watatu wakatia sahihi. Silke alikuwa amefika mlangoni bila mtu kumsikia. Aliposikia maneno ya baba yake alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na hakuufunua hata Fons alipompiga bega na kumwambia yuko huru kushindana.

Staf hakuwa amewadanganya. Aliutia mpira kinyume kwa mikono yake, akakilowesha kifuniko mafuta, dakika tano zilizopita, baada ya kuukuta umekaa sawasawa.