Chupa ya Vijiwe

Daktari alitoka chumba cha upasuaji akitikisa chupa ya plastiki kama kayamba. "Mama, vijiwe ishirini na kimoja! Mkwe wako alikuwa na machimbo ya kokoto tumboni!"

Ndugu wakacheka, wakapokezana ile chupa. Huku Bihar, India, vijiwe vya nyongo huwekwa karibu na picha za miungu, wageni wavione.

Phulmati, mama mkwe wa mgonjwa, hakucheka. Vya mdogo wake alivipokea mwaka juzi, kwenye mlango huu huu, kwa daktari huyu huyu. Mwaka jana macho ya mdogo wake yakawa manjano kama bizari, na kule hospitali kubwa ya Patna wakauliza swali moja tu: mfuko wenyewe wa nyongo ulipimwa saratani? Haukupimwa. Ulikuwa umetupwa. Maiti yake waliichoma kando ya mto Ganga.

Mfagiaji akapita na beseni. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa nyongo wa mkwe wake, umepasuliwa, upande mmoja laini, upande mwingine mnene, mweupe, mgumu kama ukoko wa wali.

"Unaupeleka wapi huo?"

"Jalalani, mama. Kwani unautakia nini?"

"Nyama tu hiyo," daktari akadakia. "Vijiwe si mmepewa?"

Phulmati akampokonya shemeji yake chupa, akavimwaga vijiwe vyote miguuni pa daktari. Akautoa mfuko kwenye beseni kwa mkono mtupu, akautia ndani ya chupa.

"Haya, mtaalamu," akasema, akimsogezea chupa kifuani. "Tia dawa ya kuuhifadhi, uniandikie barua ya maabara. Na uandike nikikuona."