Koti Lililomkataa Ambakisye

Tukuyu siku hizi hakuna anayeingia mvuani bila koti lake, na koti hujifunga lenyewe kwa mwenye nalo tu. Sekela alilifua la mumewe, Ambakisye, kwa sabuni laini, akalisuuza mara mbili, akalikausha kwa joto la wastani ili liendelee kuzuia maji. Ambakisye alipolivaa, halikujifunga.

“Umelifua vibaya,” alimwambia mkewe.

Sekela akalimwagia kikombe cha maji. Matone yote yakateleza hadi sakafuni. Koti lilikuwa zima.

“Au ulimwazima mtu?” Sekela aliuliza.

“Hata siku moja, mama Tusa,” Ambakisye alimjibu mkewe. “Labda limenisahau.”

“Labda.”

Sekela alimtazama uso na kovu la kidevuni, vyote alivijua. Lakini mumewe alipomshika mkono, Sekela aliuchomoa taratibu, asijue kwa nini.