Jiko Lililomkataa Saumu

Tangu sheria mpya ya afya ipite, kila jiko liliwekwa pua. Likinusa pumzi ya mtu mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo, halikuwaka, na mgonjwa huyo aliishi kwa vidonge vya vyakula vizima vilivyokaushwa: majani ya mlonge, figili, karoti, bila mafuta yanayoamsha maumivu.

Bi Saumu wa Tanga alivimeza miezi mitatu bila kukosa. Maumivu ya ubavu yakaisha, ila jiko likabaki baridi. Mumewe Hizza, mpishi wa harusi aliyestaafu, akawa anameza vidonge pamoja naye.

“Mimi nimepona, baba Rehani,” Saumu alisema asubuhi moja. “Jiko ndilo bovu. Naenda kwa dada yangu kule Muheza, nawe uliwashe nikiwa huko. Likikataa, tutajua ubovu ni wake.”

Adhuhuri Hizza alibonyeza kitufe. Moto uliruka mara moja. Alisimama akiutazama, akijua sasa mawe ya mkewe bado yapo, mpaka simu ikalia.

“Enhe, limewaka?”

Sauti ya mkewe ilijaa matumaini. Hizza akazima jiko.

“Limekataa, mama Rehani.”

“Si nilikwambia!” Saumu alicheka kama zamani. “Basi leo nakula. Dada alipika kabla sijafika: wali wa nazi na kuku wa kukaanga. Nilikuwa nimemkatalia, nikisubiri jibu lako.”

Hizza akafungua mdomo amwambie ukweli, lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Alichosikia ni mkewe akisema “Bismillahi,” na dada mtu akimwambia ale ashibe.