Stempu za Mabaharia

Siku hizi picha ya mtu hufifia asipotajwa jina na mwenzake. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya chai, Shomari hufungua albamu yake ya stempu za mabaharia mashuhuri, akawaita mmoja mmoja: "Vasko da Gama! Magelani!" Nyuso hung'aa kama zimechapwa jana.

Leo mkewe alimletea picha yao ya harusi. Shomari alionekana vizuri, maana mkewe humtaja katika dua zake. Pembeni ilibaki shela nyeupe, ndani hamna mtu.

"Baba Rukia, niite na mimi."

"Mama Rukia."

Shela ilibaki tupu.

"Jina langu, baba."

Shomari akaanza kupekua albamu ya stempu, akilitafuta.